Ng'ombe wa Angani na Macho ya Mtoto

Vitabu vingi vya sayansi huchora Ng'ombe, lile kundi la nyota liitwalo pia Thauri, kama lionekanavyo Ulaya. Mwalimu wa Ifakara anayenakili picha hiyo ubaoni bila maelezo huwatatiza wanafunzi wake; kwani sisi tulio kusini ya Ikweta, tutazamapo kaskazini, humwona Ng'ombe huyo miguu juu. Mtoto huyakana macho yake ili apate alama. Hapo hatukumfundisha sayansi, bali utii kwa karatasi.

Kwa maoni yangu, somo hili halina budi kuanzia nje ya darasa, kwa nyota ambazo jamii imekwisha kuzipa jina. Ya kwanza ni Kilimia, jina litokanalo na kulima; kwa watoto wa wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero, hakuna mlango ulio bora zaidi. Katikati ya Januari, yapata saa 3 usiku, mtoto aelekee kaskazini na kuinua macho. Akihesabu Kilimia, huenda akaona nyota 6, na mwenzake 7. Asikosolewe yeyote: fungu hilo lina nyota zaidi ya 1,000, na macho ya watu hayalingani.

Kulia kwake, juu kidogo, ni Aldebaran, jicho jekundu la Ng'ombe. Huchomoza yapata dakika 45 baada ya Kilimia; ndiyo maana Waarabu waliiita mfuasi. Nuru yake husafiri miaka ipatayo 65 kabla ya kutufikia. Kulia zaidi, chini, ni Elnath, ncha ya pembe.

Ni kweli, si rahisi kuwakusanya watoto shuleni usiku. Basi watazame nyumbani pamoja na wazazi, wawaulize babu na bibi majina ya nyota hizo kwa Kindamba au Kipogoro, kisha wachore walichokiona. Kesho yake mwalimu akigeuza kitabu juu chini, watagundua wenyewe kwamba kitabu hakikukosea, wala macho yao. Mchoraji alisimama upande mwingine wa dunia.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilituonya tusidhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Mwalimu mtarajiwa, kabla hujashika chaki, toka nje ukatazame.