BUSTANI YA NYUMBANI: Upe Kila Mche Nafasi Yake



Miche ikishakuwa tayari kitaluni, mama hujikuta ana miche mingi na tuta moja. Huruma humshika, hataki kutupa hata mmoja, basi huibana yote humo humo. Baada ya muda sukuma wiki zimerefuka kama fimbo, majani ni madogo na ya njano. Tuta limejaa, lakini sufuria ni tupu.

Pengine utauliza: mbona kihamba cha bibi kimejaa migomba, kahawa na magimbi, na vyote vinazaa? Ni kweli, lakini mimea ya kihamba haina kimo kimoja. Mgomba uko juu, kahawa iko chini yake, na magimbi huvumilia kivuli. Sukuma wiki zote zina kimo kimoja. Mizizi yake hunyonya udongo ule ule na majani yake hugombania jua lile lile. Na huku kwetu Sanya Juu, ambako mvua ni chache kuliko za Machame au Marangu, hugombania maji pia.

Jinsi ya kuhesabu

Chukua kijiti, ukikate urefu wa sentimita 60, kisha utie alama kwenye 15, 30 na 45. Hicho ndicho kipimo chako. Tuta liwe na upana wa sentimita 120, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Tuseme urefu wake ni mita 6, yaani sentimita 600.

Sukuma wiki hupandwa sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na 45 kati ya mche na mche. Gawa 120 kwa 60: mistari 2. Gawa 600 kwa 45: miche 13, na nafasi kidogo inabaki. Zidisha 13 kwa 2: miche 26. Mstari wa kwanza usiwe ukingoni kabisa. Uanze nusu ya nafasi, yaani sentimita 30 kutoka ukingoni.

Miche 26 tu? Ndiyo, mama. Ukichuma majani mawili kwa kila mche, una majani 52 mkononi, na mimea inaendelea kukupa mboga kwa miezi kadhaa. Miche iliyobaki, mpe jirani.

Mboga nyingine tunazipima hivi, mstari kwanza kisha mche:

Kabichi: sentimita 60 kwa 45.
Nyanya: 75 kwa 50.
Vitunguu: 20 kwa 10.
Karoti: mistari 30, zikiota, zipunguze zibaki 5 hadi 7.

Mchicha wa kung'oa unaweza kusongamana kidogo, kwa sababu unavunwa ungali mchanga. Kumbe nafasi hutegemea ukubwa wa mmea siku ya kuvuna, wala si siku ya kupanda.

Kwa nini wauguzi tunajali

Majani yaliyobanana hayakauki upesi baada ya umande au mvua. Unyevu huo hupendwa na magonjwa ya ukungu, kama bakajani ya nyanya. Ugonjwa ukiingia, mama huazima bomba na kupiga dawa. Lakini dawa zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti: nyingine siku 7, nyingine 14 au zaidi. Sukuma wiki tunachuma kila baada ya siku mbili tatu. Nani atasubiri wiki mbili na watoto wanataka kula? Hapo ndipo sumu inapoingia jikoni. Kuosha majani hakuondoi yote, maana dawa nyingine huingia ndani ya mmea wenyewe.

Nafasi haizuii kila ugonjwa. Lakini upepo ukipita, majani hukauka mapema, na wewe unawaona wadudu wakiwa bado wachache, ukawatoa kwa mkono. Mama mjamzito na mtoto aliyeanza kula wanahitaji sana mboga za majani. Basi ziwe mboga safi.

Uwazi usikae bure

Kabichi zikiwa changa, sia mchicha katikati ya mistari. Baada ya wiki nne hivi ung'oe wote na kuupika, kabla kabichi hazijatandaza majani yake. Hapo umevuna mara mbili bila kuzibana.

Mwezi huu, kabla hujafungua pakiti ya mbegu, pima tuta lako, gawa, zidisha, na uandike idadi ya miche katika daftari la nyumbani. Kisha panda hiyo tu.