Msiwanyime Watoto Robo na Thuluthi

Hatukubaliani na wenzetu wanaodai kwamba hesabu za sehemu hazimhusu mwalimu wa Kiswahili. Hata huku Karambi, jirani na Bwera, dai hili limo vinywani mwa walimu hodari: sehemu ni kazi ya mwalimu wa hisabati, naye hufundisha kwa Kiingereza, Kiswahili kishike ngeli zake.

Tutazame matokeo. Mtoto ajumlishe 1/2 na 1/3. Amezoea kusoma "moja juu ya mbili" na "moja juu ya tatu". Basi hujumlisha vya juu, akajumlisha na vya chini, akaandika 2/5. Alikuwa na nusu, akaongezewa, na sasa anacho pungufu ya nusu! Huo si uzembe wake. Ameonyeshwa ghorofa mbili za tarakimu, naye amejumlisha ghorofa kwa ghorofa.

Kiswahili kina majina: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni, ushuri. Namba ya chini, yaani asili, huwa jina la kitu. Ya juu, yaani kiasi, huvihesabu tu vitu hivyo. Robo tatu ni kama vikapu vitatu. Hakuna mtoto ajumlishaye vikapu viwili na majembe matatu akapata vikapu vitano. Akiambiwa nusu na thuluthi, atauliza: tuziite kwa jina gani moja? Nusu ni sudusi tatu, thuluthi ni sudusi mbili. Jumla ni sudusi tano. Amekifikia kigawe kidogo cha shirika kabla hajatajiwa.

Majina haya si pambo. Katika mirathi ya Kiislamu, mume akifa akaacha watoto, mkewe hupata thumuni na mama yake sudusi. Mgawaji huzileta zote kwenye 24: tatu za mke, nne za mama.

Twaambiwa maneno hayo ni ya Kiarabu, mageni kwa mtoto wa Kikonzo. Je, Kiingereza kilizaliwa Rwenzori? Twakiri kwamba humusi na ushuri zaweza kungoja, na kwamba thumuni yahitaji hadhari, kwa kuwa katika sarafu ilikuwa jina la senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Lakini nusu na robo zimo sokoni, na Kiswahili cha Kongo kiko ng'ambo tu ya mpaka wa Mpondwe.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni somo gani hilo lisiloweza kupima unga?

Na kutoa je? Asemaye "saa tatu kasorobo" amekwisha kutoa robo katika tatu. Mpeni sasa kilo tatu na robo za kahawa, auze moja na nusu. Robo haitoshi kutolewa nusu. Avunje kilo moja iwe robo nne, na ile ya awali zifike tano. Atoe robo mbili, zibaki tatu. Katika kilo mbili nzima atoe moja. Zimebaki kilo moja na robo tatu, naye atawajibu kwa neno alilolijua tangu nyumbani: kilo mbili kasorobo.