Kisaju: Bei ya Mafuta Tunaijua, Tanki Je?

Kila tarehe 14 ya mwezi, wasee wote macho kwa EPRA. Petroli imepanda ama imeshuka? Nduthi itaongeza mbao ngapi? Tukishapata jibu, stori imeisha. Lakini kuna swali moja hatuulizi: hayo mafuta hukaa wapi kabla ya kufika kwa pampu?

Hukaa chini ya ardhi. Kila kituo cha mafuta kina matanki yamezikwa, na moja linabeba maelfu ya lita. Sasa toka Kitengela na hiyo Namanga Road, pita Kisaju hadi Isinya. Kituo cha mafuta, bango la ploti za 50 kwa 100, kisima cha kuchimba, lori la maji, halafu kituo kingine. Tunahifadhi petroli na tunatoa maji ya kunywa kwa ardhi hiyo hiyo.

Tanki la chuma likizikwa bila kulindwa, kutu inaanza kazi. Hakuna moto, hakuna kelele. Ni katundu kadogo, ama kiungo cha paipu kimelegea, mafuta yanadondoka polepole. Mwenye kituo akipima na kijiti anaona lita chache zimepungua, anadhani ni mvuke. Miaka inapita hivyo.

Na sisi tuna black cotton. Kama umewahi kujenga Kitengela unaijua vizuri: mvua ikinyesha inafura, jua likiwaka inapasuka. Ndio maana fundi hukuambia uitoe yote kabla ya kuweka msingi. Mchanga unaopasua ukuta wa keja unaweza pia kusukuma paipu za mafuta kama hazikuwekwa vizuri.

Kwa petroli kuna kemikali inaitwa benzini. Inaleta kansa ya damu, na inayeyuka kwa maji. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chai cha petroli yenye benzini asilimia 1 kinatosha kuharibu tanki la maji la lita 3,000. Na hiyo dawa ya maji ya dukani inaua viini tu. Benzini haiigusi.

Si ati maji ya Kisaju yameharibika. Point ni kwamba yakiharibika, tutajua tukiwa tumechelewa. Waulize watu wa Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mwaka 2015 bomba la Kenya Pipeline lilivuja hapo, mafuta yakaingia kwa mchanga, mtoni na kwa visima. Hilo lilikuwa bomba, si tanki, lakini mchanga haujali mafuta yametoka wapi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Makueni iliamuru wakazi walipwe takriban shilingi bilioni 3.8 mwaka 2025. Miaka 10, buda! Mtoto aliyekuwa nasari wakati mafuta yanamwagika alikuwa ameshafika sekondari.

Na hao walikuwa wanashtaki kampuni kubwa ya serikali. Kituo kidogo cha barabarani kikiuzwa mara tatu, utamshtaki nani? Kwanza utathibitisha aje ni tanki lake na si la jirani?

Ndio maana pressure inafaa iwekwe sasa. EPRA ikipata kituo kinachanganya mafuta, inakitaja hadharani. Majibu ya kupima matanki nayo yatolewe hivyo hivyo, kituo kwa kituo. Na kama kituo kipya kinajengwa karibu na wewe, lazima kipitie NEMA kwa ripoti ya mazingira. Uliza hiyo ripoti. Uliza kama tanki lina kuta mbili, na kama kuna kisima cha kuchunguza uvujaji.

Unanunua ploti? Usiulize tu umbali hadi lami. Uliza pia umbali kutoka kituo cha mafuta hadi kisima. Ukipeleka maji maabara, wengi hupima chumvi na floraidi. Ambia wakupimie mafuta pia.

Na ukiona mambo si mambo, Katiba, kifungu cha 70, inakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba kuna mtu ameshaumia. Yaani huhitaji kungoja maji yanuke.