Kuzidisha Hakuongezi Kila Mara

Katika darasa letu la kisomo hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, yuko mama mmoja anayeuza mchele. Jioni moja alifika na simu yake mkononi, uso umekunjamana. Akaniambia, "Mwalimu, simu yangu imeharibika. Nimeiambia izidishe, yenyewe imepunguza."

Nilimwomba anionyeshe. Mteja alikuwa ametaka robo kilo. Mama alikuwa akiuza kilo moja kwa shilingi 2,400. Alibonyeza 0.25, akabonyeza alama ya kuzidisha, kisha akabonyeza 2,400. Simu ikaleta 600.

Simu ilikuwa nzima. Aliyeharibu ni mimi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilisimama ubaoni nikasema, "Kuzidisha ni kuongeza kwa haraka. Ukizidisha, namba inakua." Wote waliandika hivyo katika madaftari yao, na yule mama aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo ifutwe. Walimu wengi wa kisomo tunaisema kwa sababu nasi tulifundishwa hivyo. Inafaa kwa namba 2, 3 na 4, kisha inamwacha mtu njiani siku anapokutana na robo na nusu. Na mtu mzima hukutana na robo na nusu kila siku sokoni.

Tena jina lenyewe linatupoteza. Kuzidi ni kupita kiasi. Mpishi akizidisha chumvi, mboga hailiki. Mtu anayejua Kiswahili chake vizuri ana haki ya kungoja jibu kubwa akisikia "zidisha". Mimi napenda zaidi neno "mara". Kilo 3 za mchele ni 2,400 mara tatu, yaani 7,200. Kilo 1 ni 2,400 mara moja, namba haikui wala haipungui. Nusu kilo ni 2,400 mara nusu, yaani nusu yake, 1,200. Asiyenunua kitu ni 2,400 mara sifuri, hakuna kitu.

Kwa hiyo mpaka ni moja. Kabla hujabonyeza simu, jiulize: je, ninazidisha kwa zaidi ya moja au kwa chini ya moja? Ikiwa ni zaidi ya moja, jibu litapita bei ya kilo. Ikiwa ni chini ya moja, jibu litakuwa dogo kuliko bei ya kilo. Ukijua hayo mapema, hata kidole kikiteleza utagundua.

Tuje kwenye pamba. Mwaka 2019 bei ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mkulima apime, mzani uonyeshe kilo 37 na nusu. Kilo 37 ni shilingi 44,400. Nusu kilo ni shilingi 600. Jumla ni 45,000. Karani akiandika 37 tu, mkulima huyo anakosa shilingi 600, na pengine atasema, "Nusu ni kitu gani?" Lakini wakipita wakulima 20 siku hiyo, na kila mmoja akaachwa na nusu yake, ni 600 mara 20, yaani shilingi 12,000. Ni pamba ya kilo 10 iliyolimwa, ikapaliliwa, ikachumwa, isiandikwe popote. Mimi nawaambia wanakisomo wangu: simameni karibu na mzani, na nusu isomwe kwa sauti.

Wenzetu wa Geita wanaijua hesabu hii kwa dhahabu. Dhahabu safi kabisa huitwa ya karati 24. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika kila sehemu 24, yaani robo tatu. Pete hiyo ikiwa na uzito wa gramu 8, dhahabu iliyomo ni 8 mara robo tatu, gramu 6. Zilizobaki ni madini mengine. Muuzaji asiyejua hilo ataona ameibiwa gramu 2, na ugomvi utaanza bure. Na mnunuzi asiyejua hilo atalipia gramu 8 za dhahabu, apate 6. Vivyo hivyo mrabaha. Mwaka 2017 sheria ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6. Katika dhahabu ya shilingi 1,000,000, asilimia 4 ni shilingi 40,000, na asilimia 6 ni shilingi 60,000. Hapo napo tumezidisha, na jibu ni dogo sana kuliko milioni tuliyoanza nayo.

Sasa madeni. Wapo wenzangu wanaosema kwamba namba hasi, yaani zile zenye alama ya kutoa mbele yake, ni za watoto wa sekondari. Wanasema mtu mzima inamtosha kujumlisha, kutoa na kujua chenji. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanafunzi wa sekondari hana deni. Mwenye deni ni baba yake. Zamani sana, mwaka 628, mtaalamu wa Uhindi aitwaye Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi. Alizieleza kwa kutumia mali na deni, mambo ambayo kila mwanachama wa kikoba anayajua.

Tuseme deni moja ni shilingi 10,000. Katika daftari lako liandike –10,000. Ukiwa na madeni matatu ya namna hiyo, ni –10,000 mara tatu, yaani –30,000. Umezidisha kwa zaidi ya moja, lakini hali yako imeshuka. Kilichokua ni deni. Na ukibakiwa na nusu ya deni moja, ni –5,000. Umezidisha kwa chini ya moja, na hali yako imepanda. Upande wa madeni mambo huenda kinyume, na ndiyo maana ile sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa mbaya mara mbili.

Yule mama wa mchele aliuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na daftari la yule anayenidai linasemaje?" Linasema 10,000, bila alama ya kutoa. Kuzidisha kwa –1 hakukuzi namba wala hakuipunguzi ukubwa. Kunaigeuza upande tu, kama mtu anayevuka barabara. Deni lako ni mali ya mwenzako.

Hasi mara hasi ndiyo inayowatisha wengi, hata walimu. Tuichukue polepole. Mwanachama ana akiba ya shilingi 50,000, na ana madeni matatu ya shilingi 10,000 kila moja. Ukipiga hesabu ya haki, mali yake ni 20,000. Kikundi kikakaa, kikaona alivyouguliwa nyumbani, kikamfutia madeni yote matatu. Kuondolewa vitu vitatu ni –3. Kila kilichoondolewa ni –10,000. Basi ni –3 mara –10,000. Hakupewa hata senti moja mkononi. Lakini sasa mali yake ni 50,000. Amepanda kwa 30,000, na 30,000 hiyo haina alama ya kutoa. Hasi mbili zimezaa chanya.

Darasani tulipofika hapo, mzee mmoja wa nyuma alicheka akasema angependa kikundi chake nacho kijifunze hesabu hiyo upesi. Mama wa mchele hakucheka. Alifungua daftari lake, akatafuta ile sentensi yangu ya wiki zile, akaipiga mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akaniomba nitie sahihi pembeni. Nikatia.