NYUMBA INAPOVUJA: NJIA HALALI YA MPANGAJI KUHAMA

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Askari wengi nchini Uganda wasiopata makao kambini wameuona ukweli wa methali hiyo katika mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu pembezoni mwa miji. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, ukuta huwa umepakwa chokaa mpya. Inyeshapo mvua ya kwanza, bati huvuja, chokaa hubanduka, na choo kinachotumiwa na jamaa wanane hufurika hadi mlangoni.

Na ichukuliwe hali ya koplo wa polisi mwenye mke na watoto watatu. Amelipa kodi ya miezi mitatu, na amana juu yake. Mtoto mdogo hukohoa usiku kucha kwa unyevunyevu wa ukuta. Mama watoto amemweleza mwenye nyumba mara nne, na kila mara amejibiwa kuwa fundi atakuja kesho. Koplo anawaza mambo mawili: ama ahame usiku bila kuaga, ama aende na gwanda lake kumtisha mzee huyo. Njia zote mbili zitamdhuru yeye mwenyewe.

Yafaa ifahamike kwamba haki ya mpangaji si jambo geni. Huko Brighton nchini Uingereza, Sir Thomas Marrable alipanga nyumba yenye samani kwa muda wa wiki chache, akaikuta imejaa kunguni. Alipeleka kodi ya wiki moja pamoja na ufunguo, akaondoka. Aliposhtakiwa, majaji waliamua mwaka 1843 kwamba nyumba ya samani isiyokalika humpa mpangaji ruhusa ya kuondoka bila ilani. Hata hivyo, kanuni hiyo haikumfaa aliyepanga nyumba tupu. Nchini Uganda, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imekwenda mbele zaidi, kwani inakataza kupangisha nyumba isiyofaa makao ya binadamu.

Hatua ya kwanza ni maandishi. Sheria hiyo inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uandikwe, au uwe katika ujumbe wa kielektroniki. Chini ya kiasi hicho, maneno ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ni kazi. Kwa hiyo malalamiko yaandikwe kwa tarehe, yataje kila kasoro, yampe mwenye nyumba muda wa kutosha kuitengeneza, na nakala ihifadhiwe. Picha za ukuta na stakabadhi za kodi zitunzwe pamoja nayo.

Hatua ya pili ni ushahidi wa watu wengine. Mwenyekiti wa LC I aombwe kuja kujionea. Ikiwa choo au maji machafu yanahatarisha afya, afisa wa afya aarifiwe, kwa maana serikali ya mtaa ina uwezo wa kumwamuru mwenye mali kuondoa madhara hayo.

Hatua ya tatu ni ilani ya kuhama. Anayepanga mwezi kwa mwezi hutoa ilani ya siku 30, naye hana haja ya kugombana na mtu. Mwenye mkataba wa mwaka ausome kwanza, atafute kifungu cha kuuvunja. Kisipokuwapo, wakubaliane na mwenye nyumba kuumaliza, na wote wawili watie sahihi. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza na kukataa kuachilia, jambo hilo lipelekwe mahakamani. Anayeondoka kwa kujiamulia aweza kudaiwa kodi ya miezi iliyosalia.

Wako wanaoona kwamba dawa ni kuzuia kodi. Hilo ni kosa, kwa sababu deni humpa mwenye nyumba sababu ya kwenda mahakamani yeye kwanza. Naye pia hana ruhusa ya kumtoa mpangaji nje bila amri ya mahakama. Amana isiporudishwa, upo utaratibu wa madai madogo mbele ya hakimu, kwa kiasi kisichozidi shilingi 10,000,000, ambako kila mtu hujisemea bila wakili.

Kuhusu gwanda, neno ni moja. Askari anayelitumia kumtisha mwenye nyumba hugeuza haki yake kuwa hatia, na aliyekuwa mlalamikaji hujikuta mshtakiwa mbele ya wakubwa wake.

Mwishowe, jambo hili si la bwana peke yake. Koplo aweza kuhamishwa au kupelekwa kazini mbali kwa miezi, na anayebaki chini ya bati linalovuja ni mama na watoto. Yapasa jina la mama nalo liandikwe katika mkataba, na ajue mahali stakabadhi zilipo. Hapo siku ya kuhama itakapofika, hata bwana asipokuwapo, ataondoka mchana, mbele ya majirani, akiwa na amana yake mkononi au karatasi za kuidai.