Anga ya Afrika Mashariki ifuate mfano wa Busia

MFANYABIASHARA wa Mulanda, wilayani Tororo, akitaka kwenda Nairobi kukutana na mteja wake, ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda teksi hadi Malaba au Busia, avuke mpaka kwa kitambulisho, kisha apande basi la usiku. Ya pili ni kusafiri zaidi ya kilomita 200 kuelekea magharibi hadi Entebbe, ili apande ndege itakayomrudisha mashariki alikotoka.

Wengi huchagua basi. Si kwamba wanapenda kukesha barabarani wakitikiswa. Ni kwamba ndege, ambayo kazi yake ni kuokoa muda, huwapotezea muda na pesa kuliko basi. Hali hii haifai kuendelea katika kanda inayojiita soko moja.

Tuanze na hesabu ya saa. Ndege ya Entebbe kwenda Nairobi hukaa angani takriban saa moja. Lakini abiria huambiwa afike uwanjani saa mbili au tatu kabla. Anayetoka Mulanda hulazimika kuondoka siku moja mapema, apite Bugiri, Iganga, Jinja na msitu wa Mabira, halafu akutane na msongamano wa Kampala usiojali kwamba ana tiketi mfukoni. Ni kweli daraja jipya la Jinja lililofunguliwa Oktoba 2018 na barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe iliyofunguliwa Juni mwaka huo zimepunguza adha. Hata hivyo, tangu Januari 2022 barabara hiyo hulipiwa, na gharama hiyo humwangukia abiria.

Akifika uwanjani, anaanza safari nyingine. Atakaguliwa langoni, atakaguliwa mlangoni, atapanga foleni ya kupima mizigo, atapanga foleni ya uhamiaji, kisha atavua mshipi na viatu mbele ya watu asiowajua. Kichupa cha mafuta ya kujipaka kikizidi mililita 100 kitaishia kwenye pipa, kwa sababu ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza mnamo Agosti 2006. Akitua Nairobi atapanga foleni nyingine ya uhamiaji. Mfuko wa plastiki aliobebea zawadi ataambiwa auache hapo, kwa maana Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017.

Hatupingi ukaguzi wa usalama. Kanda hii imezikwa na kuomboleza vya kutosha kwa sababu ya ugaidi, na hakuna anayetaka uzembe. Tunachopinga ni kurudiarudia kazi ile ile ya karatasi, ilhali sisi wa mpakani tumeshaona kwamba inaweza kufanywa mara moja tu.

Hapa Busia, Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walizindua rasmi kituo kimoja cha mpakani mnamo Februari 2018. Zamani msafiri aligongewa muhuri upande wa Uganda, akatembea na mizigo yake hadi upande wa Kenya, akaanza upya. Sasa maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri humaliza shughuli zake hapo hapo. Mpaka haujaondolewa na hakuna nchi iliyopoteza mamlaka yake. Kilichoondolewa ni usumbufu.

Kama maofisa wa nchi mbili wanaweza kuketi dawati kwa dawati Busia, ni kipi kinachowazuia kufanya hivyo Entebbe na Nairobi? Abiria wa Entebbe angekamilisha uhamiaji wa nchi zote mbili kabla ya kupanda ndege, na akitua Nairobi angetoka moja kwa moja kama aliyetoka Kisumu au Mombasa.

Jambo la pili ni ada, na hapa ndipo mfuko wa mfanyabiashara mdogo unapotobolewa. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikitoza abiria wa ndani Sh600 kama ada ya huduma za uwanja, na abiria wa kimataifa dola 50. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara kumi. Ada ya Uganda nayo ni makumi ya dola, na yote haya huwekwa ndani ya bei ya tiketi ambapo mnunuzi hayaoni kwa urahisi.

Tazama ramani uone kioja chake. Kutoka Nairobi hadi uwanja wa Kilimanjaro ni karibu kuliko kutoka Nairobi hadi Mombasa. Lakini anayekwenda Kilimanjaro huhesabiwa kuwa msafiri wa kimataifa, sawa na anayekwenda London. Ndege ni ndogo na umbali ni mfupi, lakini ada ni ya kuvuka bahari.

Watetezi wa ada hizi husema viwanja vinahitaji fedha za matengenezo. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuna mfano wa kuijibu. Kuanzia Oktoba 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kupunguza gharama za simu zinazovuka mipaka yao, ili mtu wa Tororo ampigie mwenzake wa Nairobi bila kutozwa kama anayepiga Ulaya. Kampuni za simu hazikufa. Watu waliongea zaidi. Nauli ikishuka, viti vinavyoruka vitupu vitajaa, na ada ndogo kwa abiria wengi italeta fedha kuliko ada kubwa kwa wachache.

Isitoshe, ahadi za kufungua anga si mpya. Azimio la Yamoussoukro la kulegeza usafiri wa ndege barani lilipitishwa mwaka wa 1999, mwaka ule ule uliotiwa saini mkataba wa kufufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga, na mataifa 23 yakajiunga mwanzoni, Kenya na Rwanda zikiwemo. Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Deni hili sasa lina umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Ziko kero nyingine ambazo hazihitaji mikutano ya marais kuzitatua. Chukua suala la majina. Huku kwetu Padhola, kama kwa Waluo wengine, mtoto hupewa jina kwa majira au tukio la kuzaliwa kwake. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ataitwa Okoth, na nduguye wa tumbo moja ataitwa jina tofauti kabisa. Kompyuta ya tiketi inadai jina la ukoo, wakala anajaza analoona linafaa, na siku ya safari karani anagundua kuwa majina ya tiketi hayafuatani kama yale ya kitambulisho. Msafiri hutozwa ili kusahihishiwa jina lake mwenyewe.

Chukua pia saa. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo, tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Anayesoma 10:00 akadhani ni saa kumi ya jioni atawasili na kukuta ndege imeondoka tangu saa nne asubuhi. Anayesoma 00:30 ya tarehe 15 lazima awe uwanjani usiku wa tarehe 14. Mashirika yangeandika saa za Kiswahili kando ya zile nyingine kwenye ujumbe wa simu, na hayangepoteza hata senti.

Kuna na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinasema cheti hicho ni halali kwa maisha yote ya mwenye nacho. Hata hivyo, wasafiri wangali wanasumbuliwa na watu wanaotafuta tarehe ya miaka kumi iliyopita. Vilevile, tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Mpakani jambo hili limezoeleka, ilhali kwenye kaunta za ndege bado yuko karani atakayekukazia macho na kudai pasipoti.

Kero iliyo chungu zaidi ni ucheleweshaji usio na maelezo. Wakati mwingine sababu hujulikana na kila mtu, kama stima ilipopotea uwanjani Jomo Kenyatta Agosti 2023, au wafanyakazi walipogoma Septemba 11, 2024 kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja huo kwa kampuni ya Adani. Lakini mara nyingi abiria huona tu ubao ukibadilisha saa. Mimi niliwahi kukosa siku nzima ya warsha ya walimu kwa sababu ya ndege iliyoahirishwa mara tatu, na pale kaunta hapakuwa na mtu wa kutuambia lolote. Huko Ulaya, sheria ya mwaka wa 2004 humpa abiria fidia ya hadi euro 600 akicheleweshwa kupita kiasi kwa kosa la shirika. Kwetu haki za abiria zimeandikwa kwa herufi ndogo ambazo hata mwalimu huvaa miwani kuzisoma.

Wapo watakaouliza mkulima wa muhogo na mtama wa Mulanda ahusikeje na masaibu ya wapanda ndege. Anahusika. Nguo, simu na vipuri vinavyouzwa Busia huletwa na watu wanaosafiri hadi Dubai na Guangzhou, na kila dola wanayotozwa njiani huongezwa kwenye bei. Vijana wake pia hutafuta soko la mazao na kazi ng'ambo ya mpaka.

Sisi tuliosomea uhamishoni nchini Kenya, wazazi wetu walipokimbia vita, tulijua tukiwa wadogo kwamba muhuri mmoja unaweza kumfunga au kumfungua mtu. Tumerudi nyumbani na tumeona mpaka ukilegea. Hatutaki watoto tunaowafundisha wakute ukuta ule ule umehamishiwa angani.

Historia inatuhukumu pia. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946, lilimilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja hadi lilipokufa 1977. Kutoka kwetu hadi Soroti ni saa chache tu za barabara, na huko kuna chuo cha urubani kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza. Tunafunza marubani jirani yetu, tuna uwanja mdogo Tororo, lakini hatuna ndege ya abiria yenye ratiba.

Kwa hivyo, tunazitaka serikali za Kampala na Nairobi zichukue hatua tatu. Kwanza, safari za ndege baina ya nchi wanachama zitozwe ada za safari za ndani. Pili, uhamiaji wa viwanja vya ndege uunganishwe kama ulivyounganishwa Busia, na kitambulisho kiheshimiwe kwenye kila kaunta. Tatu, fidia ya ucheleweshaji iandikwe kwa lugha inayosomeka, Kiswahili kikiwemo, na ibandikwe ukutani mahali pa kuonekana.

Busia imethibitisha kwamba inawezekana. Viongozi waliokata utepe pale chini sasa wainue macho juu.