Kampuni za hostingi, tupeni Git hadi kwenye kifurushi cha chini

Ukitaka kujua jinsi tovuti nyingi za biashara ndogo zinavyorekebishwa, keti karibu na kijana anayezitengeneza. Anabadilisha mstari mmoja kwenye faili, anafungua FileZilla, anaiburuta faili ile hadi kwenye folda ya public_html, anangoja, kisha anaifungua tovuti kwa simu akiomba Mungu asione ukurasa mweupe. Ikikubali, anashukuru. Ikikataa, anaanza kusaka faili ya zamani. Ni ile inayoitwa index_mpya, index_mpya2 au index_mwisho_kabisa?

Kupakia faili moja moja kwa FTP ni mtindo wa rika la baba zetu. Itifaki hiyo iliandikwa mara ya kwanza mwaka wa 1971, na katika umbo lake la asili haifichi hata nenosiri. Linasafiri wazi kama ujumbe ulioandikwa nyuma ya bahasha. Lakini hadi leo, kijana anayelipia kifurushi cha bei ya chini mara nyingi hupewa FTP na paneli ya cPanel, kisha anaambiwa ajipange.

Msimamo wangu ni huu: kampuni zinazopangisha tovuti nchini ziweke Git na upelekaji wa msimbo kiotomatiki kwenye kila kifurushi, hasa kile cha chini kabisa. Hili si pambo la wataalamu. Ni kama mkanda wa usalama kwenye matatu: abiria wa kiti cha nyuma anauhitaji sawa na yule wa mbele.

Kwa wasioifahamu, Git ni programu aliyoiandika Linus Torvalds mwaka wa 2005 ili kusimamia msimbo wa Linux. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu: nani alibadilisha nini, lini na kwa nini. Ukiharibu leo, unarudi ulikokuwa jana. Mkiwa wawili, hakuna anayefuta kazi ya mwenzake kimyakimya. Upelekaji kiotomatiki unaongeza hatua moja tu. Ukishasukuma mabadiliko yako hadi GitHub, GitHub inabisha hodi kwenye seva yako, nayo seva inajichukulia msimbo mpya. Huburuti faili, na husahau hata moja.

Na si ati teknolojia haipo. Plesk iliingiza Git mwaka wa 2016. cPanel ikafuata mwaka wa 2018 kwenye toleo la 72. Basi mbona bado tunaburuta?

Kwanza, kampuni ya hostingi ndiyo huamua ni vitufe gani vionekane kwenye kifurushi chako. Inaweza kukizima cha Git, na inaweza pia kukunyima njia ya SSH. Pili, hata Git ikiwa imewashwa, cPanel yenyewe imeacha kazi nusu. Ukisukuma msimbo moja kwa moja hadi kwenye seva kwa SSH, na uwe umeandika faili ya maelekezo inayoitwa .cpanel.yml, tovuti inajisasisha. Lakini ukiwa unatumia GitHub, kama wengi wetu, lazima uingie kwenye paneli, ubonyeze kitufe cha kuvuta mabadiliko, kisha ubonyeze kingine cha kuyapeleka. Hapo hakuna kiotomatiki.

Matokeo yake, vijana wanajitafutia njia za mkato. Mtu anaona kijiskripti cha PHP kwenye YouTube, anakibandika ndani ya public_html, na kila kikiguswa kinavuta msimbo kutoka GitHub. Hakina ufunguo wala hakiulizi ni nani anayekigusa. Mwingine anaweka hifadhi nzima ya Git ndani ya folda ya umma bila kuficha ile ya .git, na mpita njia yeyote anaweza kushusha msimbo wote. Kama humo ndani kuna nenosiri la hifadhidata au funguo za Daraja za kupokea malipo ya M-Pesa, basi mlango uko wazi. Kampuni ikikataa kufanya jambo hili vizuri, wateja watalifanya vibaya, na watalifanyia kwenye seva zake.

Watu wa hostingi wana majibu yao, na mengine yana uzito. Wanasema seva moja hubeba akaunti nyingi, kwa hivyo kumpa kila mteja SSH ni hatari. Ni kweli, lakini kuna njia za kumfungia kila mteja kwenye chumba chake asione cha jirani, na cPanel yenyewe inayo. Isitoshe, kuvuta msimbo kutoka GitHub hakuhitaji kumpa mteja SSH. Seva inaweza kupewa ufunguo wa kusoma tu, kazi ikaisha.

Wanasema pia kwamba kosa litaruka hewani papo hapo. Hata kwa FTP linaruka papo hapo, tena bila njia ya kurudi. Dawa ni kuwa na tawi moja la majaribio na jingine la tovuti yenyewe, na mteja achague kama anataka kiotomatiki au kitufe.

Jibu ninalosikia zaidi ni, "Basi hamia VPS, au nenda Vercel na Netlify." Haya, tuhesabu. VPS inataka mtu wa kuisasisha na kuilinda kila wiki. Mwenye duka la viatu Kamukunji hatamlipa mtu kazi hiyo. Vercel na Netlify ni nzuri, lakini bili yake ni ya dola, na hazikuundwa kwa WordPress ama mfumo wa PHP na MySQL, ambao ndio riziki ya vijana wengi wanaotengeneza tovuti za maduka, shule na makanisa. Kampuni nyingi za hapa zinapokea shilingi kwa M-Pesa. Hiyo ndiyo nguvu yao, na wasiichezee.

Kinachogombaniwa hapa ni pesa na jina. Tovuti ya mteja ikilala Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mwenye Git anairudisha kwa dakika chache, na asiye nayo anakesha. Ukiomba kazi, wengi watakuuliza kiungo chako cha GitHub, na miaka mitatu ya kuburuta faili haiachi alama yoyote pale. Mteja naye ana haki yake. Msimbo ukikaa kwenye laptopu ya kijana mmoja, siku wakikosana au laptopu ikiibwa, biashara imebaki bila kitu. Hifadhi ikiwa kwa jina la mteja, fundi mpya anaanzia alipoachia wa kwanza.

Tusidanganyane, Git haitibu kila kitu. Haihifadhi hifadhidata wala picha ambazo wateja wanapakia kupitia tovuti. Hizo bado zinahitaji nakala rudufu za kila siku. Lakini angalau msimbo utakuwa na kwao.

Kwa hivyo, kampuni za hostingi, ombi letu ni fupi. Washeni Git kwa kila akaunti. Wekeni kiungo cha siri ambacho GitHub inaweza kubisha ili tovuti ijisasishe, pamoja na kitufe cha kurudi nyuma. Hifadhi ikae nje ya public_html, na folda ya .git ifungwe tangu mwanzo bila mteja kuomba.

Nanyi wasee mnaotengeneza tovuti, msikubali kulipa kimya. Kabla ya kulipia mwaka mwingine, wapigie ama uwaandikie uwaulize: kifurushi changu kina Git, na kinaweza kupokea msimbo kutoka GitHub bila mimi kubonyeza kitu? Wakikwambia uongeze pesa, uliza kampuni ya pili na ya tatu. Wakipoteza wateja kumi kwa swali hilo hilo, kile kitufe kitawashwa.